Kisiki cha Mpingo na Slaida za Hilux

Kisiki kilichonifundisha kazi ya slaida, yaani vile vyuma vya kulinda ubavu wa gari, kilikuwa cha mpingo, nacho kilikuwa kifupi kiasi kwamba nyasi kavu za Julai zilikifunika chote. Nilikuwa natoka kwenye mashamba ya mikorosho wilayani Liwale, nyuma nikiwa nimepakia mashine tatu za kupulizia salfa zilizohitaji matengenezo, na njia ilikuwa kama njia nyingi za mashambani huku kwetu: mifereji miwili iliyochimbwa na matairi ya malori, tuta katikati, na kando yake visiki ambavyo aliyesafisha shamba hakuona sababu ya kuving'oa. Hilux iliteleza kutoka juu ya tuta, ikaenda upande, ikakaa. Hapakuwa na kishindo. Nilisikia sauti kama ya kopo la maziwa likikanyagwa, na niliposhuka nikajaribu kufungua mlango wa nyuma wa kushoto, ukagoma.

Mpingo ni mti ambao ubao wake ukitiwa majini huzama. Wachongaji wa Kimakonde wanaupenda kwa ugumu huo, na mchwa wanauepuka, kwa hiyo kisiki chake kinaweza kukaa miaka mingi baada ya mti wenyewe kuondoka, kikiwa bado na ncha yake. Sikukilaumu kisiki. Nilichokilaumu, baada ya kulala chini ya gari na tochi, ni ngazi za kukanyagia nilizokuwa nimezifunga ubavuni miaka miwili kabla: bomba jembamba linalong'aa, lililoshikwa na bolti nne za milimita 8 kwenye bati la bodi. Niliziamini kwamba zinalinda gari. Kumbe kisiki kilisukuma ngazi, ngazi ikajikunja kuelekea ndani, ikakigonga kizingiti, yaani lile bati lililokunjwa linalopita chini ya milango, mahali ambapo pengine kisiki chenyewe kisingefika. Ngazi iligeuka nyundo.

Slaida ni kitu kingine, ingawa kwa mbali vinafanana. Ni mhimili wa chuma unaolala chini ya milango, kuanzia nyuma ya tairi la mbele hadi mbele ya tairi la nyuma, bila kugusa bodi popote. Miguu yake inatoka moja kwa moja kwenye chasisi. Hilux ya kizamani kama yangu, dabo kebini yenye injini ya dizeli inayoitwa 5L, imejengwa juu ya reli mbili ndefu zilizounganishwa kwa vyuma vinavyokingama, na bodi imekalishwa juu yake kwa raba. Uzito wote wa gari unabebwa na reli hizo, kwa hiyo kitu chochote kinachotarajiwa kubeba gari linapoangukia ubavu lazima kishikwe nazo. Jina la slaida limetoka kwa watu wanaopanda miamba kwa magari, ambao hutaka gari liteleze juu ya jiwe badala ya kukwama. Huku Kusini mawe tunayo, na anayeijua milima ya mawe ya Masasi hawezi kusema hatuna, lakini adui wa kila siku ni kisiki. Jiwe hulisugua gari, ilhali kisiki hulisukuma mahali pamoja, na nguvu yote ya gari hukusanyika kwenye eneo lisilozidi kiganja. Tofauti hiyo ndiyo iliyoongoza karibu kila uamuzi tulioufanya baadaye.

Fundi niliyempelekea kazi ana karakana ndogo Chikongola, mjini Mtwara. Umri wake unanilazimu nimwamkie, na yeye huniita njomba kama anavyomwita kila mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, njomba." Alilizunguka gari mara moja, akainama, akaigusa ngazi iliyokunjika. "Sasa unataka ngazi nyingine, au unataka mguu?"

Nilimwambia sikuelewa. Akaniambia kuwa ngazi hubeba mtu anayepanda, na hiyo anaweza kuitengeneza kabla ya adhuhuri. Lakini nikitaka kitu cha kubeba gari, basi nisimwonyeshe picha ya lile bomba la nje lenye kupendeza, nimwonyeshe litakavyoshikwa. Kwa kweli nilikuwa na picha kadhaa kwenye simu, na zote zilikuwa zimepigwa kutoka pembeni, gari likiwa limeoshwa. Hakuna hata moja iliyoonyesha chini. Tangu hapo kila ninapoona gari lenye slaida, naomba ruhusa na kuchungulia chini kwanza.

Tulianza na chuma chenyewe, na hapo kuna mitego. Paipu nyingi za mraba zinazouzwa kwa ajili ya mageti na madirisha zina ukuta wa milimita 1.5 au pungufu. Zinafaa kuzuia mwizi, hazifai kubeba Hilux. Nyingine huitwa za milimita 4, lakini ukizipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, unakuta 3 na kitu. Nilibeba kalipa dukani na sikuona aibu. Tulichochagua kwa mhimili wa ndani ni paipu ya mraba ya milimita 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 4 kamili, na kwa bomba la nje paipu nyeusi ya duara, ile inayoitwa ya inchi moja na nusu. Jina hilo lenyewe ni kichekesho, kwa sababu paipu hiyo haina inchi moja na nusu mahali popote: kipenyo chake cha nje ni milimita 48.3, na kwa ile ya skeduli 40, yaani daraja la unene wake, ukuta ni milimita 3.68, hivyo hata tundu la ndani linazidi inchi moja na nusu.

Kwa nini tusitumie duara kotekote, kama wafanyavyo wengi? Nilikaa na daftari usiku mmoja nikapiga hesabu ya uwezo wa kila umbo kukataa kupinda, na jibu likawa wazi: mraba ule una karibu mara mbili ya uwezo wa paipu ile ya duara, ilhali uzito wake ni kilo 5.6 kwa mita dhidi ya kilo 4.05, yaani ongezeko la takriban asilimia 40 tu. Sababu ni kwamba katika mraba chuma kingi kimekaa mbali na katikati, juu na chini, ambako ndiko kupinda kunakopigania. Duara lina faida yake nyingine: halina kona, kwa hiyo kisiki au shina la mkorosho likiligusa kwa pembe linaelekea kupita badala ya kung'ata. Ndiyo maana mraba ukakaa ndani kubeba, na duara likakaa nje kupokea.

Duka la kwanza lilijaribu kuniuzia paipu za maji zilizopakwa zinki, kwa hoja kwamba hazitashika kutu karibu na bahari. Fundi alizikataa kabla sijafungua mdomo. Zinki huchemka ikifika nyuzi 907, wakati chuma hakijayeyuka bado, kwa hiyo anayechomelea paipu hizo anavuta moshi mweupe wa zinki na jioni anatetemeka kwa homa inayofanana na malaria. Mafundi wengi wana imani kwamba ukinywa maziwa unaikwepa. Maziwa ni mazuri, lakini hayaingii kwenye mapafu; dawa ni kutoivuta hewa ile, au kuisaga zinki yote mahali pa kuchomelea, na hata hivyo kusimama upande upepo unakotoka.

Jambo ambalo hakuna picha wala maelezo yoyote yaliyonionya ni salfa. Gari langu limebeba salfa ya mikorosho kwa misimu kadhaa, ile ya unga inayopulizwa dhidi ya ubwiri unga kuanzia maua yanapochipua, na unga huo huingia kila mahali: kwenye mazulia, kwenye redio, na ndani ya matundu ya chasisi. Fundi alipogusisha jiwe la grainda kwenye reli ya kushoto ili kung'oa rangi, cheche ziliingia kwenye tundu na baada ya kitambo kidogo tukaona mwali mdogo wa buluu, karibu hauonekani kwa jua lile, na harufu yake ikatukaba wote wawili. Kijana wake alimwaga ndoo ya mchanga na mwali ukazimika. Hatukupata hasara yoyote isipokuwa kikohozi, ila kazi ilisimama siku mbili. Tulitoa matairi, tukapuliza matundu ya chasisi kwa kompresa, tukayasukutua kwa maji yenye sabuni mara tatu, tukaacha gari juani.

Moto ulikuwa nusu tu ya tatizo. Salfa ikichanganyika na chuma kilichoyeyuka hutengeneza utando mwembamba unaobaki majimaji hata baada ya chuma kinachouzunguka kuganda, na mshono unapojivuta kwa kupoa unapasuka hapo hapo, katikati, ungali mwekundu. Wachomeleaji wa viwandani huhangaika na salfa ya kiasi kidogo sana iliyomo ndani ya chuma chenyewe. Mimi nilikuwa nayo ya kuchota kwa kijiko. Baada ya kuosha, kila mahali palipotarajiwa kuchomelewa palisagwa hadi chuma cheupe, upana wa vidole vitatu kuzidi mshono, kisha tukapangusa kwa kitambaa chenye thina na kuingoja ikauke kabisa. Mtu yeyote wa ukanda wa korosho anayetaka kuchomelea gari lake la kazi aanze na ndoo ya maji, si na rodi ya kuchomelea.

Vipimo tulivichukua gari likiwa limesimama kwa matairi yake mahali tambarare, si juu ya jeki, kwa sababu likining'inia matairi hushuka na nafasi unayoiona ni ya uongo. Tuligeuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili ili kuhakikisha tairi la mbele haligusi mwisho wa slaida. Kati ya mhimili na kizingiti tuliacha milimita 15, kwa kuwa bodi inacheza juu ya raba zake na chasisi inajisokota kila gari linapovuka shimo; bila nafasi hiyo slaida ingefanya kazi ile ile ya nyundo iliyofanywa na ngazi. Upande wa nje tuliuinua kidogo kuliko ndani, kama nyuzi 15, ili bomba la nje likae mbele ya uso wa mlango na bado lisichukue nafasi ya chini ambayo gari inaihitaji.

Kisha tukafika kwenye miguu. Hapa tulitumia siku nyingi kuliko sehemu nyingine zote, na sioni haya kuwachosha wasomaji kwa jambo hili.

Reli ya chasisi ni sanduku tupu la bati nene kidogo. Ukichomelea mguu wa slaida moja kwa moja kwenye ukuta wake, mguu utashika vizuri sana, na siku kisiki kitakaposukuma, mguu utaingia ndani ya reli kama kidole kinavyobonyeza kopo. Mshono hautavunjika, chasisi ndiyo itakayobonyea, na chasisi iliyobonyea ni maradhi ambayo gari haliponi kwa urahisi. Kwa hiyo kila mguu ulipata pleti ya milimita 6 kati yake na reli, na pleti hiyo tuliikunja kwa umbo la L ili ishike ubavu wa reli na pia ipite chini yake. Mzigo wa slaida huja kutoka chini ukielekea juu na ndani. Ile sehemu ya pleti iliyo chini ya reli inaupokea kwa kusukuma, na kwa namna hiyo mshono hauachiwi kazi yote peke yake.

Tuliweka miguu minne kila upande, na hatukuipanga kwa umbali sawa ingawa macho yangependa hivyo. Miwili ilikwenda karibu na vyuma vinavyokingama, mahali ambapo reli ina nguvu zaidi. Mmoja ulisogezwa kwa ajili ya mabomba ya breki na dizeli yanayolala kando ya chasisi, ambayo tuliyafungua kwenye vishikizo, tukayavuta pembeni na kuyafunika kwa gunia lililoloa. Betri tuliifungua nyaya zote mbili, na soketi ya alteneta tukaichomoa, kwa sababu umeme wa kuchomelea unaotafuta njia ya kurudi hauulizi kama umepita kwenye kifaa cha bei gani. Klampu ya ethi, ile inayourudisha umeme kwenye mashine, ilifungwa kwenye pleti yenyewe, kwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye mshono.

Tulibishana kuhusu bolti. Mimi nilizitaka, kwa hoja kwamba slaida iliyopinda iweze kufunguliwa na kunyooshwa. Mzee alisema kufunga bolti kwenye sanduku tupu kunahitaji kutoboa reli pande zote mbili na kuingiza bomba dogo ndani lenye urefu sawasawa na upana wa reli, la sivyo unapokaza nati unaliminya sanduku lenyewe, na kadiri linavyominyika bolti inalegea. Kazi hiyo inawezekana, lakini matundu manane makubwa kwenye reli ya gari la zaidi ya miaka 20, lililoishi karibu na chumvi ya bahari, hayakunifurahisha. Nilikubali kuchomelea. Bado nadhani bolti ni bora kwa gari jipya.

Ubishi wa pili aliushinda yeye pia, na huu ndio ninaotaka ukumbukwe. Mimi nilidhani pleti ichomelewe kuizunguka yote, kwa kuwa mshono mrefu ni mshono wenye nguvu. Mzee alikataa. Chasisi hupinda juu na chini muda wote gari linapotembea, na mkazo wa kupinda ni mkubwa zaidi kwenye kingo za juu na za chini za reli, mdogo katikati. Mshono unaolala kwa urefu wa reli unafuata mkazo huo. Mshono uliosimama wima unaukata, na pale unapoishia panabaki mstari mgumu kando ya chuma laini, ambapo ufa hupenda kuanzia. Kwa hiyo pleti zetu zilikatwa ncha zake kwa mshazari na kuviringwa kona, zikachomelewa juu na chini kwa urefu, na miisho yake ya wima ikaachwa bila rodi kabisa, izibwe kwa sila, ile gundi ya kuzibia, na rangi tu ili maji yasiingie.

Tukaja kwenye rodi. Nilimletea pakiti ya E7018, kwa kuwa nilisoma kwamba ina nguvu zaidi: tarakimu mbili za kwanza husema maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba, yaani 70,000 dhidi ya 60,000 za rodi ya kawaida ya E6013. Mashine yake ya zamani, transfoma aliyoisuka mwenyewe kwa waya wa shaba, iliikataa katakata. Rodi ilikuwa ikigusa chuma na kunata, kwani mashine za aina hiyo mara nyingi hazina volti za kutosha za kuuwasha na kuushikilia moto wa rodi ile. Tuliazima mashine ndogo ya inveta inayotoa umeme wa upande mmoja kama wa betri, tukaunganisha rodi kwenye chanya, na kwa ampea 110 hivi kwa rodi ya milimita 3.2 moto ukatulia na sauti yake ikawa kama mafuta yanayokaanga samaki.

Hata hivyo 7018 ina sharti ambalo Mtwara hailipendi. Ganda lake lazima liwe kavu, kwa sababu maji yakiingia kwenye moto yanavunjika na haidrojeni yake inazama ndani ya chuma. Kanuni za Kimarekani za uchomeleaji huruhusu rodi za daraja hilo kukaa wazi saa nne tu baada ya kutolewa kwenye pakiti iliyofungwa au kwenye oveni yake, na hewa ya mji ulio kando ya bahari haina huruma. Sisi hatukuwa na oveni. Tulinunua pakiti ndogo zilizozibwa, tukafungua moja asubuhi na moja baada ya chakula cha mchana, na zilizobaki zikapelekwa kwenye kazi za mageti. Nakiri kwamba kwa chuma laini cha milimita 4 hadi 6 hatari ya haidrojeni si kubwa kama ilivyo kwenye vyuma vigumu, na naamini rodi ya 6013 iliyochomelewa na mkono mzuri inashinda 7018 iliyoloa. Sababu ya kweli iliyonifanya nishikilie 7018 ni kwamba ganda lake huvumilia salfa kuliko ganda la 6013, na mimi sikuwa na uhakika kama ndoo zetu tatu za maji zilikuwa zimemaliza unga wote.

Kuchomelea kwenyewe kulikwenda haraka, isipokuwa kwa kosa moja. Slaida ya kwanza ilishikizwa kwa nukta chache za rodi, ikaonekana imenyooka, kisha kijana akaichomelea vipande vyote vya kuunganisha mraba na duara kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kupumzika. Kila mshono unapopoa hujivuta, na kwa kuwa yote ilikuwa upande mmoja, slaida nzima ikajikunja kama ndizi, milimita 9 katikati. Mzee aliinyoosha kwa kupasha moto mwekundu sehemu tatu ndogo upande wa pili na kuziacha zipoe zenyewe, ili nazo zijivute kuelekea kwao. Baada ya jaribio la pili zilibaki milimita 2. Slaida ya pili ilifungwa kwa klampu kwenye reli nzito ya meza na kuchomelewa kwa kurukaruka, kipande cha huku, kipande cha kule, na ikatoka imenyooka tangu mwanzo.

Mwisho wa nyuma wa bomba la nje tulitaka uende nje kidogo, ili gari linapokata kona karibu na mti, nyuma ya gari isukumwe mbali na shina. Hatukuwa na mashine ya kupindia, na paipu ikipindwa hivi hivi hubonyea kwa ndani. Njia ya zamani ni kuijaza mchanga, kuushindilia, kuziba ncha kwa vigingi vya mti, kisha kupasha moto na kupinda taratibu. Kijana alikimbilia pikipiki aende kuchota mchanga Shangani. Mzee alimwita kabla hajawasha: mchanga wa pwani una unyevu na chumvi, na maji yaliyofungiwa ndani ya paipu nyekundu ni bomu. Ulichukuliwa mchanga wa ujenzi, ukakaangwa kwenye karai juu ya mkaa mpaka ukawa unamiminika kama mtama, ndipo ukaingia. Miungano ya duara ilikatwa kwa umbo la mdomo wa samaki kwa kufuata karatasi iliyozungushwa kwenye paipu na kuchorwa kwa chaki. Pengo tulilolikubali lilikuwa dogo kuliko unene wa rodi.

Kabla ya rangi tulifanya majaribio mawili. La kwanza lilikuwa la mafuta ya taa: unapaka mshono, unangoja, unapangusa pakauke, kisha unapaka chaki, penye ufa, mafuta hujitokeza tena na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Hapakutokea mstari. La pili lilikuwa la kuweka jeki katikati ya slaida ya kushoto na kuinua mpaka matairi yote mawili ya upande ule yaache ardhi. Nafasi ya milimita 15 ilipungua ikawa 13, na jeki iliposhuka ikarudi 15. Mzee hakusema neno, alikwenda kunawa mikono.

Kila paipu iliyofungwa ncha ilitobolewa tundu dogo upande wa chini. Wakati wa kuchomelea, tundu hilo linatoa hewa iliyopashwa moto, ambayo vinginevyo ingekipuliza nje kipande cha mwisho cha mshono. Baadaye linatoa maji. Ndani tulimimina oili chafu, tukainamisha huku na huku. Nje tulipaka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mara mbili na rangi nyeusi ya kawaida. Slaida zote mbili pamoja na pleti zimeongeza karibu kilo 60, zaidi kidogo ya mfuko mmoja wa saruji, na nimezihisi kwenye springi za nyuma kuliko kwenye dizeli.

Msimu uliofuata nilipita Tandahimba, Newala, Nanyumbu, na mwishoni tena Liwale, njia ile ile. Kisiki kilikuwepo. Sikukitafuta makusudi, lakini kipande kile cha njia kilikuwa kimeharibika zaidi na gari likaenda upande karibu mahali pale pale. Safari hii lilisimama, likainama, likaninginiza kwenye mkanda kwa sekunde chache, kisha nilipokanyaga mafuta taratibu likasogea mbele huku chuma kikilia juu ya mpingo, na likashuka. Kwenye bomba la nje pamebaki mkwaruzo wa urefu wa mkono na mbonyeo ambao kidole gumba kinaenea. Milango yote minne inafunguka.

Niliporudi Mtwara mzee aliingia chini ya gari na brashi ya waya, akausugua kila mguu, akapaka mafuta ya taa na chaki kama mara ya kwanza. Miguu saba ilikuwa safi. Kwenye wa nane, wa tatu upande wa kushoto, pembeni mwa pleti ulitokea mstari mweusi wa urefu wa ukucha, umeanzia kwenye mshono wa wima ambao haukupaswa kuwapo. Kijana alikiri: siku ya mwisho alikuta sila imekwisha, akaona tundu linaloweza kupitisha maji, akaliziba kwa rodi. Mzee hakumfokea. Alimpa grainda, akamwonyesha kwa chaki mahali pa kusimama, na yule kijana akausaga mshono wake wote mpaka ukaisha, akafuata ufa hadi mwisho wake, akaujaza kwa urefu, akasawazisha, na jioni akaenda dukani kununua sila.